Mwalimu Clementina na Maswali Yake Matatu

Miaka ishirini na mbili Mwalimu Clementina Mwakalinga amefundisha Kiingereza cha kuongea kwenye kituo chetu hapa mjini Durban. Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba, anastaafu. Irene, mwenyekiti wa kamati, aliniomba mimi Achille niandike karatasi hii ya sherehe, kwa sababu nimekuwa msaidizi wa Mwalimu tangu 2013. Nimeiandika mara nne. Tatu nimechana.

Mwalimu alitoka Mbeya, akaanza na wanafunzi sita kwenye chumba kimoja juu ya saluni, mashine za kunyolea zikiunguruma chini. Vitabu havikuwepo. Alisema bora, maana mdomo ndio unaofanya kazi. Kila Alhamisi alitushusha barabarani, karatasi hakuna, kila mtu aulize watu watatu asiowajua swali moja moja kwa Kiingereza. Muuza viatu, mfamasia, mama wa kwenye foleni ya taxi. Halafu upande ngazi na majibu matatu.

Alitufundisha pia tusiitikie tu kwa heshima. Sisi Wakongo mtu mkubwa akiongea tunatikisa kichwa, hata kama hatujashika kitu. Mwenzetu Papy, kinyozi, alimwitikia mteja "yes, yes, mama" mpaka akamnyoa nywele zote, na mama wa watu alitaka kupunguza ncha tu. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema, "Papy, baba, mwambie arudie polepole. Kurudia hakuna aibu. Kipara ndiyo aibu." Alitaka tupige simu badala ya kuandika meseji. Alitaka tujirekodi dakika mbili kila asubuhi, tusikilize, tuone haya, turudie. Na kila siku, hata kidogo. Siyo Jumamosi masaa matatu halafu wiki nzima kimya.

Na jambo kubwa kwake lilikuwa hili: ongea habari zako mwenyewe. Za mwenzako zitakukwama kooni.

Hapo ndipo ninapoogopa. Irene, tafadhali usikate sehemu hii.

Mwaka 2016 hoteli moja ilitaka wafanyakazi kumi na mmoja. Mwalimu aliwaandaa watu wetu kumi na mmoja kwa wiki tatu, kila mmoja aeleze maisha yake. Siku mbili kabla ya intaviu walinifuata kwa siri. "Papa Achille, utusaidie, tutasahau." Bon, nilijiona mkubwa. Niliandika ukurasa mmoja, nikawapa wote, wakaukariri.

Siku ya intaviu wote walikuwa wameoka mikate Bukavu miaka minane. Wote walikuwa na watoto watatu na walipenda nidhamu. Hata Peguy, kijana wa miaka ishirini. Hata Bupe, Mtanzania ambaye Bukavu hajawahi kuiona. Meneja alimuuliza Bupe alikuwa anaoka mikate ya aina gani. Bupe akaanza ukurasa tena kutoka juu: "Good morning, madam." Eish. Hakuna aliyechukuliwa.

Meneja akapiga simu kituoni. Kamati ikakaa, ikauliza nani kaandika. Wale kumi na mmoja hawakunitaja. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na birika la chai mkononi. Mwalimu aliusoma ule ukurasa, akaukunja. "Darasa ni langu," alisema. "Andikeni jina langu." Wakamvua cheo cha mkuu wa kituo siku hiyo hiyo, na hawakumrudishia. Mimi nikamimina chai.

Hakuniuliza kitu. Miaka tisa sasa. Alhamisi iliyofuata alinipa kipande cha chaki kama kawaida, na nafikiri alijua.

Kuna la pili, na hili halijui mtu. Maswali matatu mimi sikuwa naenda. Niliwashusha wanafunzi, nikasimama nyuma ya robot, zile taa za barabarani, majibu yangu nikayatunga kichwani. Kiingereza changu kinaishi kwenye karatasi. Ndiyo maana niliwapa wenzangu karatasi. Nilijua woga wao, ulikuwa wangu.

Sasa kamati imenichagua nichukue darasa lake kuanzia Jumatatu. Irene amesema jina langu halina doa. Tangu aseme hivyo sijalala vizuri. Mnaweza kuninyang'anya ufunguo wa darasa, na mtakuwa na haki.

Jana nilishuka peke yangu. Nilimuuliza mfamasia anafunga saa ngapi. Nilimuuliza msimamizi wa taxi gari la kwenda Bluff linajaa haraka saa ngapi. Akaongea mbio. Nikamwambia arudie polepole, akarudia, akasema, "Sharp, my brother." Jasho lilinitoka, lakini majibu mawili ninayo.

Swali la tatu nimemwekea yeye. Mtakapokuwa mmeshika karatasi hii, mimi sitakuwa na karatasi. Nitasimama mbele yenu wote, nimuulize kwa Kiingereza kama baada ya haya bado anaweza kuniachia darasa lake. Jibu lake, liwe lolote, nitalipandisha ngazi.

Asante, Mwalimu, kwa miaka ishirini na mbili, na kwa siku ile uliyobeba kosa langu kwa jina lako. Ufike Mbeya salama, upumzike, na Alhamisi zako ziwe zako.