Neno Nililomsomea Mama Rachel

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule Mwalimu Agnesi, walimu wenzangu, ndugu wazazi, wageni waalikwa, nanyi wanangu wanafunzi: itifaki imezingatiwa. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Waliotangulia kusema wamenipamba. Mwalimu Sadalla amesema kwamba kwa miaka thelathini na mitatu hajatokea Kariakoo mtu anayekijua Kiingereza kama Abdulatif. Nimecheka pamoja nanyi, lakini moyoni yamenichoma, kwani yumo ukumbini humu mtu mmoja ambaye hakucheka, nami siwezi kupokea zawadi yenu ya kustaafu kabla sijasema kwa nini.

Wengi mnamfahamu Mama Rachel, Bi Celina, mwenye duka la vyombo vya plastiki Mtaa wa Narung'ombe. Binti yake nilimfundisha hapa miaka minne. Mbishi huyo! Siku moja, darasa lake likiwa kidato cha tatu, niliandika ubaoni neno moja la Kiingereza, "pass", nikawaonyesha sura zake: wakati hupita, mwanafunzi hufaulu, mchezaji hutoa pasi, askari wa getini hudai kibali, na njia ipitayo katikati ya milima nayo huitwa hivyo hivyo. Kisha nikawaambia kwamba washairi wa Kiingereza hulitumia hata kwa mtu aliyekufa.

Rachel akanyoosha mkono. "Kwani Mwalimu, hawawezi kusema amekufa?"

"Na sisi je?" nikamjibu. "Si tunasema ametutoka, ametangulia?"

"Basi wote waoga," akasema. Darasa zima likacheka.

Miaka sita iliyopita Rachel alikuwa India, anamalizia masomo ya uuguzi. Wiki hiyo matokeo yake ya mwisho yalikuwa yakisubiriwa, na mama yake usingizi ulikuwa umemruka. Alhamisi asubuhi nikipita dukani, akanishika mkono. "Mwalimu, ujumbe umeingia, namba ya rafiki yake. Hebu nisomee."

Nilikuwa nawahi kipindi. Nikasoma nimesimama: "Rachel passed this morning. Please call us." Nikamrudishia simu, nikapaza sauti ili na majirani wasikie: "Hongera, Mama! Mtoto amefaulu!"

Nani pale angeuliza zaidi? Wa kuuliza nilikuwa mimi. Vigelegele vilianzia dukani vikafika mpaka kona. Baba yake, Mzee Heriel, akawapigia ndugu zake Machame. Bi Celina akafungua kreti mbili za soda, akawagawia wabeba mizigo, wauza maji, hata wapita njia asiowajua. Wakapiga India mara mbili, simu haikupokelewa. Wakasema, watoto wanasherehekea.

Saa nane mchana nilirudi nami kunywa soda yangu. Simu ikaita. Msichana wa upande wa pili alikuwa analia, anasema Kiingereza kitupu, wakanipa mimi nimsikilize. Nikalisikia neno lile lile, na safari hii likaja pamoja na pumu, na hospitali, na alfajiri.

"Mama Rachel," nikasema, "nilikosea."

"Ulikosea nini? Hajafaulu?" Akajikaza akatabasamu, ili nisione haya. "Sasa Mwalimu, si atarudia? Mtihani hurudiwa."

Ndugu zangu, mimi niliyezijua sura zote za neno lile, siku hiyo sikuona pa kujifichia, wala kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Nikasema, "Amekufa."

Sikwenda Machame kuzika. Mwaka mzima niliikwepa Narung'ombe, nikawa nazungukia Msimbazi kama mwizi. Mwalimu atamfundisha nani ujasiri, ikiwa yeye mwenyewe analikimbia duka la ndoo na mabeseni?

Mwisho akaja Bi Celina mwenyewe. Alinikuta ofisi ya walimu nikisahihisha madaftari. Nikainuka nianze kuomba radhi, akanikatiza. "Sijaja kukusamehe, Mwalimu. Ningeweza, ningekwisha kukusamehe. Nimekuja kwa sababu pale dukani hakuna anayemtaja Rachel, wanaogopa nitalia. Wewe ulikaa naye miaka minne. Alikuwaje darasani?"

Nikamweleza ubishi wake, alivyoficha karanga kwenye dawati, alivyonisahihisha tahajia mbele ya mkaguzi. Akalia, akacheka, akaniambia nije Jumamosi. Tangu hapo kila Jumamosi alasiri nakaa dukani kwake juu ya ndoo iliyopinduliwa, tunamzungumzia Rachel. Hajasema kwamba amenisamehe, nami sijamuuliza. Juzi nilimwomba ruhusa ya kuyasema haya leo. Akanijibu, "Sema. Ila jina lake ulitaje."

Walimu vijana, majirani watawaletea barua zao na simu zao, kwa kuwa wanawaamini ninyi kuliko macho yao. Ketini kwanza. Someni mara mbili. Pale msipokuwa na hakika, semeni hamjui. Hakuna mwalimu aliyevunjiwa heshima na neno hilo.

Naishukuru shule hii kwa maisha iliyonipa. Nakushukuru wewe, Mama Rachel, uliyefunga duka siku ya biashara uje kuniaga. Nanyi nyote mlionivumilia mpaka hapa, ahsanteni kwa masikio yenu. Mheshimiwa Diwani, uniwie radhi: kiti changu cha meza kuu kibaki wazi. Naenda kukaa kule nyuma, pamoja naye.