Pampu Mbili za Kuwabara

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya gereji ya Nezu, kwenye barabara inayopanda mlimani, mkoani Gunma, Japani, pembeni ya mashine inayouza kahawa ya makopo. Nezu tunamwita Daktari, kwa sababu husikiliza injini kwa bisibisi aliyoibana sikioni. Hoshina ni Profesa. Alifundisha sayansi shule ya kati mpaka akastaafu. Mimi naziba pancha hapo jirani. Ijumaa ile asubuhi Kuwabara alifika na gari lake la turbo likikohoa, akaketi bila kumsalimia mtu.

— Limerudia? Daktari akamuuliza.

— Limerudia. Nikikanyaga mpaka chini, turbo inapuliza vizuri, halafu gari linakata pumzi. Petroli haifiki.

Hapo hakuna aliyecheka. Mwaka juzi injini ilikosa petroli hivyohivyo, ikachemka, pistoni ikatoboka, na Kuwabara akaenda kazini kwa baiskeli miezi saba. Na Jumapili alikuwa na miadi ya kushindana kwenye uwanja wa mbio za magari na dada yake, Chizuru, aliyekwisha kumshinda mara mbili.

— Si tuliweka pampu kubwa ya petroli? nikauliza.

— Na nozeli kubwa za kunyunyizia petroli, akasema Kuwabara. Zinamwaga mara mbili ya zile za zamani.

— Basi pampu ni ndogo kwa hizo nozeli, akasema Daktari. Weka ya pili. Injini yenye turbo ni kama bwana harusi, haili sahani moja.

— Pampu ya pili ninayo kwenye buti.

— Sasa unalia nini?

Profesa akatikisa kichwa.

— Mnakosea. Petroli inapata joto, inakuwa nyepesi. Lizungushieni tangi barafu.

— Barafu ya wapi, Profesa? akauliza Kuwabara.

— Ya wauza samaki.

— Gari linuke samaki uwanja mzima, nikasema. Chizuru ataacha kushindana aanze kutafuta wasabi ya kulia samaki.

— Wewe ziba pancha. Hii ni sayansi.

Daktari naye hakukubali kupitwa.

— Mimi nimelisikiliza. Petroli inakimbilia upande mmoja kwenye kona. Kuwabara, jaribu kukata kona za kulia tu.

— Uwanja una kona kumi na moja, Daktari. Sita ni za kushoto.

— Basi hizo sita pita polepole.

Tukiwa hapo, Mama Isogai, anayesambaza tofu ya soya, akasimamisha kigari chake, tairi la nyuma limelala. Nilipokuwa nafungua nati, alinunua kahawa, akasimama akiwasikiliza.

— Samahani, akasema. Hiyo filta ya kuchuja petroli mliibadilisha lini?

Daktari akamtazama Kuwabara. Kuwabara akamtazama Profesa, kana kwamba filta ni somo la shule.

— Filta ipo, akasema Daktari.

— Sijauliza kama ipo, baba. Nimeuliza lini.

Gari lina miaka ishirini na sita. Kuwabara alilinunua likiwa na kumi na tisa, na tangu hapo hakuna aliyeigusa filta.

Daktari aliingia uvunguni mwa gari, akatoka na filta yenyewe, kopo la chuma lenye kutu. Akaligeuza, ukamwagika uji mweusi. Akapuliza upande mmoja mpaka mashavu yakawa mekundu. Profesa, aliyeweka kiganja upande wa pili, akasema hajahisi kitu.

— Kigari changu kilikohoa hivyohivyo kikipanda mlima na tofu, akasema Mama Isogai, akamaliza kahawa yake na, nilipokwisha kuziba tairi lake, akaondoka.

Daktari alifunga filta mpya, ile pana ya magari ya mashindano. Jioni Kuwabara alipanda mlima akikanyaga mpaka chini, akarudi anacheka peke yake. Pampu ya pili ikabaki kwenye buti.

Jumatatu tulimkuta ameshakaa benchini.

— Lilikata pumzi? Daktari akamuuliza.

— Hata mara moja. Lilivuta mpaka mstari wa mwisho.

— Na Chizuru?

Kuwabara akanywa kahawa taratibu.

— Nilipofika, alikuwa ameshashuka kwenye gari lake, ananipungia mkono.

Profesa akajikuna kidevu, Daktari akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imelegea.

— Sasa niambieni, akasema Kuwabara. Pampu nzima, nozeli nzima, filta mpya. Kilichobaki ni nini?

Nilimtazama dereva mwenyewe, nikakumbuka kwamba nina pancha ya kuziba.