Mume Anarudi, Mlango Umefungwa

Muuguzi aliyetoka zamu alitaka kusinzia tu kwenye treni, lakini msusi na mwalimu mstaafu waliokaa mbele yake walianza kubishana kuhusu filamu, na usingizi ukamruka.

"Kwenye tamthilia ya zamani niliyofundisha darasani, mume aliyetoroka na mwimbaji anarudi, na mke anamfungia mlango," mwalimu alisema. "Hawa walioigeuza kuwa filamu wamemfungulia! Eti mapenzi."

"Mama, amelia pale nje na mvua yote ile," msusi akatetea. "Ungemwacha alowe?"

"Kwani kwa mwimbaji hakukuwa na paa?"

Muuguzi akaangua kicheko. Wote wawili wakamgeukia kama mahakimu. "Haya, dada," msusi akasema, "wewe ungefungua?"

Muuguzi akajifuta machozi, na hayakuwa ya kicheko tu. "Wangu naye alitoroka, na sasa yuko mlangoni kwangu tangu asubuhi. Jirani kanipigia. Anasema mume wangu kaja na begi."

Treni ikasimama.

"Sasa utafanyaje?" msusi akauliza.

"Kwanza nimwangalie usoni," muuguzi akajibu, akashuka.

Wale wawili wakabanana dirishani kumtazama anavyotembea, kila mmoja akiapa kwamba mwendo ule ni wa mtu wa upande wake.