Rangi Ilipozidi Kwenye Utando

Benchi letu liko nyuma ya maabara ya chuo hapa mjini Iași, karibu na mlango wa kutolea takataka. Mimi ni mwosha vyombo vya kioo humo. Mwanangu hulala kwenye kigari chake, na Toader, mlinzi tunayemwita Bunge, humkinga jua kwa kofia yake bila kuombwa. Asubuhi hiyo kahawa ilinywewa kwa hasira. Profesa alikuwa ametoka kumfokea Smaranda, fundi wa maabara, mbele yetu sote: utando wa jaribio lake haukung'aa, eti kwa kuwa fundi aliiacha juani rangi ya kuung'arisha. Kabla ya saa sita atie sahihi kwamba kosa ni lake, kisha afungashe virago.

— Sitii sahihi! Smaranda alisema, akikitua kikombe benchini. Si profesa mwenyewe aliyesema tuongeze rangi mara kumi?

— Sasa ubaya uko wapi? akauliza Vasile, fundi umeme, tunayemwita Fyuzi. Rangi nyingi, mwanga mwingi. Umoja ni nguvu, dada!

— Umoja gani? Smaranda akamjibu. Utando ni tabaka mbili za mafuta, basi. Molekuli za rangi zikijazana mle zinagandana. Moja ikipata mwanga haing'ai, inampa jirani ile nguvu, naye humpa jirani yake, mpaka nguvu inanasa kwenye fungu lililogandana. Hapo inazimika, linabaki joto tu. Nilimwambia!

— Mimi nasema ni waya wa ardhini, Fyuzi akasema. Mwanga wote umeshuka chini.

— Toka hapa na waya wako! Bunge akadakia. Mafuta yenyewe si ya kiini cha yai? Kuku wa siku hizi hawalijui jua. Yai la gizani ling'ae wapi? Mtoto wa nyoka ni nyoka!

— Basi ni ile antena ya jirani, Fyuzi akashikilia. Inafyonza mwanga, hata balbu yangu ya chooni…

— Nyamazeni! Smaranda akalipiga benchi. Nafukuzwa kazi, nyie mnaniletea kuku na choo!

Fyuzi akammegea nusu ya mkate wake.

Zenovia, mpishi mpya wa kantini, alikuwa amesimama na ndoo yake ya maganda.

— Samahanini. Profesa alipoagiza rangi iongezwe, nani alisikia?

— Sote, mama. Mlango ulikuwa wazi, Bunge akasema.

— Na leo alipomfokea?

— Tulikuwepo.

— Mkasema nini?

Bunge alikohoa. Fyuzi akajipapasa mifuko kama aliyepoteza kitu. Mimi wakati ule nilikuwa nimeshika beseni, hatua mbili tu kutoka kwa profesa, na nilikuwa nimeinama nikijifanya nakagua vioo.

Smaranda alitutazama mmoja mmoja, akingoja aone nani atakwenda kumsemea.