Kiuno cha Mwinshehe Mwenye Fimbo

Siku hizo za Mwingereza, Kinondoni ilikuwa bado mikorosho mingi na nyumba chache za makuti, na wanaume wake walikuwa na baraza moja tu la maana: ubao mrefu wa mvule mbele ya muuza kahawa. Ubao wenyewe ulikuwa umepinda kwa jua na mvua. Ncha yake ya karibu na jiko ilikuwa imeinamia mtaroni, na hiyo ndiyo iliyokuwa ncha ya heshima. Aliyekaa hapo alipewa kikombe cha kwanza, na neno lake halikukatizwa. Mwinshehe aliirithi kwa marehemu Mzee Mkumba, baada ya kuisubiri miaka mingi huku akijifanya haitaki.

Alasiri hiyo alikuja akitembea upandeupande, mkono kiunoni, akajishusha kwenye ncha yake polepole kama mtu anayetua mtungi. Kazi yake ilikuwa kuezeka nyumba, lakini sifa yake ilikuwa beni, ile ngoma ya kuiga gwaride la askari. Yeye ndiye aliyeshika fimbo na kuongoza gwaride kila Idi, mbele ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na mji mzima. Sasa Idi imekaribia, kiuno kimegoma, na wazee wa beni wametuma salamu kwamba jioni hii watapita barazani kuchukua jibu. Kama hawezi, fimbo atapewa mwingine. Mwinshehe aliogopa, tena aliogopa sana, na hofu hiyo ilimuuma kuliko kiuno.

— Leo kinasemaje? aliuliza Shomari, ambaye baraza lilimwita Daktari kwa kuwa aliwahi kufagia wodi.

— Kipo palepale. Si katikati ya mgongo, ni huku chini, kushoto, kwenye kishimo juu ya tako. Kukaa naweza, kunyanyuka ndiyo vita. Kinanichoma mpaka pajani. Kitandani sigeuki mpaka mama watoto anisukume.

— Asubuhi je?

— Asubuhi naamka mkavu kama kuti. Nikishatembeatembea kinalegea. Nikifika hapa barazani kinaanza upya.

Daktari alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyesomea mambo hayo.

— Ngiri hiyo.

— Wewe kila kitu ngiri, alisema Polikarpo, Mmakonde mchonga vinyago, aliyeitwa Tindo. Juzi Karani kaumwa jino, ukasema ngiri.

— Ilikuwa imepanda.

— Sikilizeni, mie nazijua mbao. Mpingo ukikaushwa vibaya, moyo wake unapasuka kwa ndani, nje huoni kitu. Huyu bwana kashinda juu ya mapaa ya watu, juani, miaka nenda miaka rudi. Kakauka. Dawa yake tumfukie mchangani mpaka kifuani, tummwagie mafuta ya nazi.

— Mpaka lini? aliuliza Mwinshehe.

— Mpaka nikikugonga usilie.

Karani alikuwa akingoja wajinga wamalize. Jina lake Theonest, Mhaya, na kazi yake ilikuwa kuandika katika ofisi ya Bwana Shauri. Alipanguza miwani.

— Tabu yenu hamsomi. Mji huu wote umeinama kuelekea baharini. Maji ya mvua yanakwenda wapi? Baharini. Basi mtu akisimama hapa Kinondoni, mguu mmoja uko juu, mmoja uko chini, na kiuno ndicho kinachosuluhisha. Kwetu Bukoba huwezi kusikia maradhi haya.

— Kwenu Bukoba si milima mitupu? alisema Tindo.

— Ndiyo, lakini imeinama pande zote. Inalingana.

Mwinshehe alimsikiliza kwa makini, tako moja juu, moja chini, bega likielekea mtaroni, akaona Karani ana hoja.

— Kama si ngiri, basi ni watu wa Temeke, alisema Daktari, ambaye hakupenda kuachwa nyuma. Beni yao inaona wivu. Wamechukua mkanda wako mkuukuu, wameufunga fundo, wameutia ndani ya ngoma yao kubwa. Wakiipiga huko, kiuno kinaitika huku.

— Mkanda wangu ninao, Daktari. Huu hapa nimeuvaa.

— Ndivyo wanavyotaka udhani.

Wakati huo akatokea mwanamke mgeni, mrefu, mwenye hatua za mtu wa milimani. Alikuwa Kokushubila, dada mkubwa wa Karani, aliyeshuka kwenye gari moshi wiki hiyohiyo.

— Hamjambo, baba zangu?

— Hatujambo, mama. Karibu.

— Shikamoo dada, alisema Karani.

— Marahaba. Ndizi zinapoa nyumbani.

Mwinshehe alijaribu kunyanyuka kwa adabu, akaishia nusu. Kokushubila alimtazama, akautazama na ubao.

— Pole, baba. Unaumwa?

— Kiuno, mama. Huku kushoto.

— Na yule aliyekuwa akikaa hapo kabla yako, yeye alikuwa akiumwa nini?

Wote walimkumbuka Mzee Mkumba, alivyochechemea na bakora yake, akiuvuta mguu wa kushoto mpaka siku walipomzika. Wakamkumbuka na Mzee Pazi aliyemtangulia kwenye ncha ile, naye vilevile, mguu uleule. Miaka yote hiyo baraza lilidhani kule kuchechemea ni mwendo wa wakubwa. Mwinshehe mwenyewe, enzi za ujana wake, alikuwa akiuiga mbele ya wasichana.

Alishika goti, akajivuta, akasimama. Ilimuuma. Ilimuuma zaidi kuiacha ncha ile, maana alikuwa ameipenda kweli.

— Daktari, njoo ukae hapa. Zamu yako imefika.

— Mie? Mie nimeshazoea hapa katikati.

— Karani?

— Si umesikia ndizi zinapoa.

— Tindo?

Tindo alikuwa ameinama anauchungulia ubao, yeye fundi wa miti aliyeukalia kila jioni, na masikio yake yalikuwa yamemwiva kwa aibu.

Muuza kahawa hakuwa na habari na hayo. Desturi ni desturi, akamimina kikombe cha kwanza, akakiweka kwenye ncha ya heshima iliyokuwa tupu. Kikombe kilisita kidogo, kikateleza, kikaingia mtaroni. Baraza zima lilikisindikiza kwa macho.

Ndipo wazee wa beni walipotokea kwenye kona, kanzu nyeupe, wakakuta watu wote wamesimama.

— Mwinshehe, tumefuata jibu. Fimbo unaishika?

Mwinshehe alinyanyua mguu wa kushoto kama wa gwaride, akaukanyagisha chini. Uso ulimkunjamana, lakini mguu ulikwenda.

— Naishika.

— Kiuno kimepona?

— Bado. Lakini nimeshahama.

Mzee mkubwa kuliko wote hakuelewa, wala hakutaka kuuliza, kwa kuwa alikuwa amechoka kutembea. Aliiona ncha ya heshima iko wazi, akakusanya kanzu yake akaanza kujishusha.

— Hapo hapana, mzee, walisema wote wanne kwa pamoja.

Tangu baraza lile lianze, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana jambo.