Mashine Tuliyoifundisha Kusoma Vifua

Mgeni rasmi, mganga mkuu wetu, na ndugu mlioacha kazi zenu kuja kutusikiliza,

Sisi wasoma picha za kifua tunakukaribisha kwa moyo mweupe. Utuwie radhi kwa uchache wetu. Viti vilivyo wazi si vya waliochelewa.

Tulikotoka

Miaka sita iliyopita tulikuwa kumi na wanne, tukapewa kazi ya kuifundisha kompyuta kwa njia iitwayo ujifunzaji wa kina. Hatukuiandikia kanuni hata moja. Tuliionyesha maelfu ya picha, kila doa la ugonjwa tumelizungushia mstari. Ndani yake mna tabaka juu ya tabaka: la kwanza hutambua mwanga na kivuli, linalofuata kingo za mbavu, la juu kabisa huliona doa. Ilipokosea, kosa lilirudishwa nyuma tabaka kwa tabaka, ikajirekebisha, mpaka ikashika.

Mafanikio

Imeshika kweli. Picha iliyotuchukua robo saa huisoma kwa sekunde, na imeona madoa yaliyotupita sisi wenyewe. Wagonjwa wamewahiwa. Hatuionei kijicho.

Changamoto

Wenzetu kumi na mmoja wamehamishwa. Sisi watatu tumegawiwa zamu, kila mmoja siku zake, peke yake chumba cha nyuma. Risala hii tumeiandika kwa kuachiana karatasi mezani.

Mkubwa wetu, tunayemwita Dada, yuko zamu sasa hivi. Jumanne iliyopita, akienda nyumbani, alimkuta mama mmoja benchini na karatasi ya majibu mkononi, amekaa hapo tangu asubuhi. Mashine ilikuwa imesoma sawasawa: doa, pafu la kushoto. Hakuna aliyemwambia maana yake.

Dada akaketi. Akamweleza pole pole kwamba limeonekana mapema, na dawa zipo. Yule mama akamshika mkono, asiuachie.

“Wewe ndiye wa kwanza kunisemesha leo, mwanangu.”

“Hata mimi, mama,” Dada akamjibu. “Wewe ndiye wa kwanza.”

Wakakaa hapo mpaka mlinzi alipokuja kufunga.

Ombi

Hatuombi mashine izimwe. Tunaomba tutolewe chumba cha nyuma, tuwekwe sote watatu kwenye dirisha la majibu, ili kila karatasi itoke pamoja na mtu wa kuieleza.

Mungu akupe afya, na siku utakayougua akupe wa kukaa nawe. Ahsante kwa kuja. Kwa ajili yako, sisi wawili tuliosimama hapa tumeonana leo, mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Ni sisi,
Wasoma Picha za Kifua