Zakaria Kuno Hiribae na Mguu Ulioandikwa Nusu

Fundi Zakaria Kuno Hiribae alizaliwa tarehe 14 Agosti 1981 hapa Ngao, mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Kuno Hiribae na Mama Habona. Uchungu ulimkuta mama yake shambani, katikati ya mpunga. Mama Habona hadi leo husema mtoto huyu alikuja na tope lake mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Ngao kuanzia 1989 hadi 1996, kisha sekondari Garsen hadi mwaka 2000. Hesabu alizipenda. Insha zilimshinda, na alama zake za insha familia imekubaliana isizisome. Mwaka 2003 alipata cheti cha ufundi wa mitambo.

Kwa miaka ishirini alitengeneza pampu za visima, kutoka vijiji vya huku chini hadi Bangale. Kiangazi kimoja injini ya kisima ilizima kule Bangale, ng'ombe wamejipanga hadi njiani. Zakaria alikaa juani siku mbili, kafunguafungua vyuma. Mzee Halkano, mfugaji ambaye yuko nasi leo, alimletea maziwa akamwambia, "Fundi, wewe pumzika kwanza. Kesho wewe nafanya."

"Mzee, ng'ombe hajui kesho," akajibu, akaendelea.

Mwaka 2008 aliitwa kutengeneza tangi la kituo kimoja cha afya, akajikata kidole. Karani wa rekodi, msichana mgeni kazini aitwaye Sidi, akamuuliza ameumia wapi. "Kidole," akasema. "Kidole kipi? Mkono upi?" Damu inadondoka mezani, Sidi kashika kalamu, anangoja. "Cha shahada, mkono wa kulia, dada, niandike nisije nikafa!" Walifunga ndoa katika kanisa la Ngao tarehe 12 Desemba 2009, na Mungu akawajalia Mapenzi na Buya.

Tarehe 9 Machi 2023, akirudi kutoka Ndera, pikipiki yake iliteleza kwenye matope, na mfupa wa muundi wa mguu wa kushoto ukavunjika, ukatokeza nje ya ngozi. Ulifungwa, kidonda kikaziba, akarudi kazini akichechemea. Mwaka uliofuata kidonda kikafunguka tena, kikawa kinatoa usaha. Tarehe 4 Juni 2024 alipigwa picha katika kituo kile kile anakofanya kazi mkewe. Daktari aliinua picha dirishani, akamwonyesha. "Kipande hiki kimekufa, fundi. Damu haifiki. Lazima kitolewe." Kisha akachukua faili, akaandika maneno matatu: maumivu ya mguu.

Faili ikafika mezani kwa Sidi. Kazi yake ni kusoma alichoandika daktari na kukipa nambari ya ugonjwa, na nambari hiyo ndiyo inayoamua barua ya rufaa itaingia foleni gani. Mfupa uliokufa una nambari zake, na ili kuzipata ni lazima iandikwe ni mfupa upi, mguu upi, na umekufa kwa sababu gani. Maumivu ya mguu yana nambari yake, na wenye hiyo hupewa dawa za kutuliza. Tena karani haruhusiwi kuandika ambacho daktari hakukiandika, hata kama anakijua. Sidi, aliyekuwa akikiosha kidonda kile kila asubuhi, alirudi na faili mlangoni kwa daktari.

"Dada Sidi, mguu ni mguu. Akifika huko wataona wenyewe."

Barua ikaenda hivyo. Miadi ikawa ya Oktoba. Zakaria alisafiri hadi hospitali ya rufaa, akakaa kwenye benchi kutwa, akarudi na vidonge. Siku hiyo Sidi aliweka faili na kalamu mbele yake. "Baba Mapenzi, niruhusu. Ni mstari mmoja tu, nami nayajua maneno."

"Ukiniandikia mimi," akasema, "yule asiye na mke ofisini ataandikiwa na nani? Mrudishie daktari. Ni kazi yake."

Sidi aliirudisha kalamu mfukoni, akaichukua faili. Kisha akamrudishia daktari. Mwezi wa Novemba likaongezwa neno moja: kushoto. Barua ikaenda, nayo ikarudishwa. Ilipofika Machi 2025 ndipo yalipoandikwa yote. Sidi ameomba isomwe hapa kwamba alimtii mumewe, na kwamba hajui kama alifanya vyema.

Familia haikuja kaburini kutaja jina la mtu. Lakini haitasema pia kwamba ni mapenzi ya Mungu peke yake.

Daktari mpasuaji alimwona tarehe 22 Aprili 2025. Alitazama mguu, akatazama barua, akauliza, "Mlikuwa wapi mwaka mzima?" Zakaria akamjibu kwa upole, "Tulikuwa kwenye foleni, daktari." Mguu ulikatwa juu ya goti siku mbili baadaye, ila usaha ulikwishaingia katika damu. Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Mei, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Karatasi ya kifo aliyopewa Sidi ilikuwa imekamilika: mfupa wa muundi, mguu wa kushoto, umekufa kutokana na ajali ya 2023, sumu katika damu. Haikukosa neno. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akatoka bila kuaga.

Marehemu amemwacha mama yake, Mama Habona. Mjane wake, Sidi. Watoto wake, Mapenzi wa miaka kumi na minne na Buya wa miaka kumi. Na ndugu zake wanne. Sidi atarejea kazini tarehe 26 Mei. Mezani kwake zimebaki faili nne zilizoandikwa mguu bila kutajwa upi. Amesema ataanza na hizo, na hataondoka mlangoni kwa daktari.

Lala, Zakaria. Mola akupe amani tuliyoshindwa kukupatia.

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Komora Kuno, Ngao, tarehe 10 Mei 2025.